Zizi Chini ya Maharage ya Mama Yusta

Jumatatu, 20 Aprili

Nimelima matuta sita kabla ya chai. Kijana yeyote wa huku mlimani aje tushindane.

Haya, mawili. Na la pili nimelifanya kichwa tu, mkia bado. Sijui namdanganya nani humu.

Mama Yusta ameondoka asubuhi. Binti yetu Yusta alikuja kumchukua, wameshuka mjini, Mwanga, keshokutwa hospitali. Mtoto wa jicho. Tulizaa saba, nikamwambia huyu wa nane kaona tumbo limejaa, kaenda kukaa jichoni. Hakucheka. Anaogopa kisu. Mimi naogopa kumzidi, ndiyo maana nilichekesha.

Kaniachia kazi moja. Maharage yake. Ile mbegu ya marehemu mama yake, nyekundu yenye madoa meupe. Sokoni haipo, kwa jirani haipo. Mwaka jana mvua iliyapiga, kikabaki kibakuli, na chote kiko ardhini sasa. "Mbuzi wasiingie." Basi. Mbuzi nawaweza.

Jumatano, 22 Aprili

Wageni. Mwenyekiti wa kijiji kawaleta, watafiti wa mambo ya kale. Wamerusha kidude chao cha kupiga picha angani. Nimeonyeshwa shamba letu. Lina duara! Kijani kilichokolea, kama mtu kaweka beseni la majani. Nusu imepita kwenye maharage ya Mama Yusta, nusu kwenye migomba yangu.

Wanasema chini kuna zizi. Mtaro uliozunguka, tuta la udongo, samadi ya ng'ombe wa watu wa kale, kabla mtu hajajua kuandika katika nchi hii. Sisi Waha twaita urugo. Mvua na majembe yamelisawazisha, ila mimea inajua. Miaka yote nimesema maharage yanastawi kwa mkono wa mke wangu. Mkono upo. Mavi nayo yapo.

Mkubwa wao ni mwanamke, Neema, Mnyamwezi wa Tabora. Mtani! Siku ikanoga. Nikamuuliza mpagazi huyu mzigo wa kichwani kautua wapi. Akasema Waha kwa ubahili tunaficha hata ng'ombe chini ya ardhi. Akaomba kuchimba upande wa maharage. Nikamjibu chimba, mtani, chimba mpaka umkute babu yako, alikuja kutuibia ng'ombe akazama humo humo. Tulicheka mpaka mwenyekiti akachoka na sisi.

Alhamisi, 23 Aprili

Wamechimba.

Nilishuka ziwani, Kibirizi, kununua dagaa. Narudi, mfereji umepita katikati ya maharage. Yana maua. Mistari mitatu iko juu ya rundo la udongo, mizizi nje. Neema shimoni, ananipungia mwiko wa kujengea. "Mtani, babu bado sijamkuta!"

Nilidhani ananitania. Yeye alidhani nimempa. Na nimempa. Ukimpa mtani kwa mzaha, amepewa. Hakuna mzee wa Buha wala wa Unyamwezi atakayenipa haki. Tena mtani hakasirikiwi. Nimekasirika kimoyomoyo, na niliyemkasirikia ni mimi. Mdomo huu.

Jioni nimeyapanda upya, nimeyamwagilia. Yamelegea kama mlevi.

Simu ikalia. Yusta. Mama kapasuliwa jana salama, jicho limefungwa. Akampa mama yake. Hakuuliza hata kama nimekula.

"Maharage?"

"Yapo."

Sikusema yamelalaje.

Ijumaa, 24 Aprili

Mabaya zaidi. Wamekuta samadi yenyewe, tabaka la kijivu kama majivu ya jikoni, wanataka kulifuata mpaka mwisho wa maharage. Vigingi wameshapiga. Kamba imevutwa.

Nikasema hapana. Neema akacheka. Nikasema tena hapana. Akasema Muha akikataa mara mbili amekubali. Wenzake wakacheka. Mimi mwenyewe kidogo nicheke, ndilo nililolizoea. Sijui mara ya mwisho neno langu kuaminika kijijini hapa ilikuwa lini. Hata siku ya posa baba mkwe alidhani natania. Mama Yusta ndiye aliyetoka chumbani akamwambia, huyu hatanii. Leo hayupo wa kunisemea.

Nikaacha kumwita mtani. Nikamwita Daktari. Nikasema, Daktari, mke wangu amefungwa jicho hospitali. Mbegu hii ni ya mama yake, haina nyingine. Akifunguliwa nataka aikute.

Nimebembeleza. Aibu tupu. Mzee mzima.

Neema akapanda kutoka shimoni, akang'oa kigingi kwa mkono wake. "Ungesema hivyo tangu juzi, baba."

Baba. Sijaitwa hivyo na Mnyamwezi tangu nizaliwe.

Lakini wametoka mbali, na kazi ni kazi. Duara haliishii kwenye maharage. Nikawapeleka kwenye migomba yangu, ile ya pombe. Nimeitoa mwenyewe. Roho imeuma, sifichi.

Jumatatu, 27 Aprili

Migomba minne chini. Niliangalia upande wa ziwa ilipoanguka.

Mtaro upo. Mrefu kwenda chini, umejaa udongo mweusi. Mashimo ya miti ya boma yamepangana. Jino la ng'ombe, la manjano. Neema kaniwekea mkononi. Zito. Kuna mtu alimjua ng'ombe huyu kwa jina.

Mahali pamoja mtaro umekatika. Mlango wa zizi, kasema. Mifugo iliingilia hapo. Mama Yusta naye anapita hapo hapo na jembe begani kila asubuhi, anasema ardhi imeshindiliwa vizuri. Nimesimama pale kidogo. Nyumba kimya sana. Ugali wangu unatoka uji.

Alhamisi, 30 Aprili

Amerudi! Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Haukutumika hata mmoja. Jicho moja limefunguka, jingine zamu yake bado. Aliyekuwa akipapasa sufuria ameona pengo la mistari mitatu kutoka barabarani.

Nikasema kweli yote. Mzaha wangu, mfereji, migomba. Aliniacha hapo, akaenda kuliangalia pengo. Ningependa matusi.

Kisha akamwendea Neema. "We Mnyamwezi. Umenilia mbegu." Akamvua ile kofia yake pana ya jua, akaivaa. Waganga wa macho wamemkataza jua. Neema hana pa kushtaki, kachukuliwa na mtani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Yakaisha. Mimi nimekosa usingizi juma zima, wao wamemaliza kwa kofia.

Jumapili, 31 Mei

Watafiti walishafukia, wakaondoka. Zizi limelala. Nimepanda machipukizi ya migomba juu yake.

Jana tumevuna. Niliyoyapanda upya yalikufa yote. Mistari iliyobaki imejitahidi. Mbegu ya msimu ujao ipo, na kiganja cha ziada. Ya kupika hakuna. Tutakula ya dukani na kuyasema vibaya.

Mama Yusta yuko uani anachambua. Zilizotobolewa anazitupa kwa kuku bila kuuliza mtu. Asubuhi aliinua uso akanikazia jicho lake jipya, muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi."

Nikamwambia nilikuwa naficha mpaka apone. Akanigusa shavu kwa mkono wenye vumbi la maganda, akarudi kwenye ungo.

Mwezi mzima nimemtia matone, asubuhi na jioni, nimebana pumzi mkono usicheze. Hilo namdai. Kucha zangu za miguu siku hizi ziko mbali, sizifikii. Wembe ninao. Maji nimeshabandika. Mama Yusta, ukimaliza hizo mbegu, nikate kucha basi.