Wimbo Niliouzima

Mjukuu wangu Kaneza,

Sisi hapa mjini Euless tu wazima. Baba yako amebadilishiwa zamu kule ghalani, na mdogo wako bado ananijibu kwa Kiingereza. Wewe huko Houston tunakuombea.

Umeniuliza kwa nini nilizima simu yako kabla yule mama wa blues, ule muziki wa huzuni, hajamaliza kuimba. Ulikuwa umenieleza maisha yake: aliimba kwenye mahema ya maonyesho tangu usichana, akarekodi santuri, kisha akanyamaza ghafla, na hakuna anayejua sababu.

Nilipokuwa msichana kule Burundi, wakati wa mauaji, jirani yetu alikuwa akiimba kila asubuhi akitwanga mihogo. Siku moja alinyamaza katikati ya wimbo. Mama alisikiliza kidogo, akaacha chungu motoni, akanishika mkono, tukakimbia. Sauti ile sikuisikia tena.

Kwa hiyo huyo mwimbaji wako hakunitisha. Nilihisi tu wimbo unakaribia kuisha, nikauzima mwenyewe kabla haujaninyamazia.

Ukija Krismasi, niwekee tena, mpaka mwisho. Ila ukiisha tu, sema neno lolote, hata kwa Kiingereza.

Bibi yako