Jiwe la Mfuko wa Saba

Nyumbani, chini ya kilima,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umeshiba na umelala vizuri. Je, kile kifua kimepona? Na baridi bado inakung'ata? Sisi hapa wazima. Goti langu lilinisumbua kidogo, lakini daktari aliponipima alisema hajawahi kuona goti la mtu wa umri wangu lenye nguvu vile, nusura aite wenzake waje kulitazama. Shangazi yako naye mzima, ulimi wake ndio mzima zaidi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba yule mama mtafiti wa mawe nimruhusu atoboe kilima kwa mashine yake, eti hana neno. Kilima ni chetu wawili, mimi na wewe uliyeachiwa fungu la marehemu baba yako, kwa hiyo kauli yako naiheshimu. Lakini wewe uko mbali. Mimi nimemwona kwa macho yangu akilamba jiwe. Mtu mzima, mwenye mshahara na gari, analamba jiwe, kisha analichungulia kwa kioo kidogo kama anayetafuta chawa! Nikajiambia, hapa pana dhahabu.

Tena kila jiwe alilovunja, ganda la nje alilitupa, akabeba la ndani tu, kila moja kwenye mfuko wake wenye namba. Nilipomuuliza akasema, "Mzee, la nje limechoshwa na mvua na jua, litanidanganya." Mimi wa kuambiwa hivyo? Nilisoma mpaka walimu wakaishiwa la kunifundisha, wakanirudisha nyumbani. Maganda yote niliyaokota nikayaficha chini ya kitanda.

Anadai kilima chetu chote kilikuwa tope na mchanga chini ya maji, enzi ambazo hata mjusi hajazaliwa. Tope likafukiwa, likaiva kwa joto la ardhini, likawa jiwe lenye mistari. Yeye anataka kujua lilimomonyoka kutoka wapi. Nikamwambia, kitu kilichopikwa namna hiyo utajuaje kilikotoka? Akanijibu, "Chai ukiitia chumvi kwa bahati mbaya, ukaichemsha kutwa nzima, chumvi itaondoka?" Nikasema haiondoki. "Basi na jiwe lina vitu vyake visivyoondoka." Akanitajia thori, kromi na nikeli. Niliitikia kama mtu aliyekua nazo mtaa mmoja.

Maneno matamu, lakini mimi siingizwi mjini kirahisi. Nikamtega.

Unalikumbuka jiwe la kusagia la bibi yako, pale pembeni mwa mlango wa jikoni? Babu yako alitusimulia maisha yake yote kwamba alilichonga kileleni, akalishusha begani huku anapiga mluzi. Rangi yake ni ile ile ya kilima, mistari ile ile. Nikabandua kipande kwenye kona. Mtafiti alipokwenda kunawa mikono, nikatoa lililokuwa kwenye mfuko wa saba, nikatia hilo. Hesabu yangu ilikuwa fupi: akisema ni la kilima kama wenzake, ni mkweli. Akisema lolote jingine, ni mwongo, na kilima hatoboi.

Alirudi kutoka maabara wiki iliyopita, akaketi kibarazani na karatasi zake. Mawe yote, akasema, ni ndugu: thori nyingi, kromi kiduchu, tope lake lilitoka kwenye itale, yale mawe magumu meupe. "Isipokuwa la mfuko wa saba, mzee. Hili limejaa kromi na nikeli. Tope lake lilitoka kwenye mawe meusi ya volkeno. Linafanana na yale ya ng'ambo ya mto, nyuma ya kiwanda cha matofali. Sijui limenifikiaje."

Nikasimama, goti na yote. "Umenaswa, mama! Jiwe hilo nimelitia mimi, na ni la kilima hiki hiki!" Nikamwita shangazi yako awe shahidi. "Dada, mwambie huyu jiwe la mama lilitoka wapi."

Akatoka jikoni anafuta mikono. "Lilitoka ng'ambo ya mto, kwao mama. Alikuja nalo kwenye mkokoteni alipoolewa."

"Na baba kulishusha kileleni je?"

"Baba yako huyo? Kushusha sufuria tu alikuwa anaita watu."

"Mbona miaka yote hukusema?"

"Mama alikuwa akiisikia ile hadithi anacheka mpaka anakaa chini. Ningemnyima kicheko chake ili iweje?"

Mwanangu, nikaketi tena, goti na yote. Yule mama hakunicheka. Alishuka ngazi, akachuchumaa penye jiwe la kusagia, akaweka kiganja pale palipochimbika kwa mkono wa bibi yako. Nami nikaona kwamba aliyeweza kumjua mama yangu kwa kipande cha kona, hakuja kuniibia dhahabu.

Kwa hiyo sahihi yangu nimetia. Yako utaitia mwenyewe, karatasi iko humu ndani ya bahasha. Maganda nimeyatupa.

Lakini akaomba kipande kingine cha jiwe la kusagia, kikubwa kidogo. Hapo nilimwambia wazi: kilima toboa upendavyo, jiwe la mama haligongwi tena. Akasema amenielewa. Sina hakika. Juzi nilimwona akilitazama huku analamba midomo. Nimelihamishia chini ya kitanda changu. Nililibeba peke yangu, begani, napiga mluzi. Shangazi yako akikuambia tulilisukuma wawili, usimsikilize.

Wasalimie mumeo, na wale mapacha wako waambie babu yao ana jiwe la kuwaonyesha. Shangazi anakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini, na akurudishe ulikotoka.

Ni mimi nikupendaye sana,
Baba yako mdogo.