Ripoti ya Musyoka

Ikutha, Jumamosi, Agosti 1986. Jua kali tangu asubuhi. Hata kuku wamejilaza chini ya ghala.

Sijawahi kumwambia mtu: ripoti iliyompeleka Musyoka jela niliiandika mimi.

Mwezi wa tatu, kwenye baraza, mkubwa mmoja kutoka Kitui alitangaza kwamba mambo ya korti yamebadilika. Mwenye kosa dogo hatakimbizwa jela tena. Afisa wa probesheni atafika kwao, aulize majirani, ndipo hakimu aamue. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Musyoka, jirani yetu, alishikwa na magunia matatu ya makaa bila kibali. Afisa hakufika. Hakuna gari, walisema. Fomu ya ripoti ikatumwa kwa sabuchifu, msaidizi wa chifu hapa kwetu, naye akaniita kwa sababu Kiingereza kinamshinda na mimi niko Fomu Tatu.

"Andika: ni mkorofi. Majirani hawamtaki."

"Lakini mzee, majirani ni sisi."

"Mwende, nimekuita uandike ama uhubiri?"

Wazee wawili waliokuwa pale wakacheka.

Ukorofi wa Musyoka tunaujua sote. Alikataa kuchimba mitaro katika shamba la sabuchifu, kazi iliyoitwa mwethya. Mwethya ni kusaidiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Aliuliza mbele ya watu, "Na yeye atakuja kwangu lini?"

Niliandika. Tena nilimtafutia sabuchifu neno la Kiingereza kali kuliko lake, kwa kujivunia tu kwamba nalijua.

Mwaka mmoja jela.

Fomu ni mpya, muhuri ni mpya. Mdomo ni ule ule wa sabuchifu, na sasa una mwandiko mzuri.

Leo mkewe, Mama Kilonzi, amekuja. Hakujua lolote. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Niandikie hakimu, umwambie sisi tunamtaka nyumbani."

Nimeandika maneno yake yote. Chini yake nimeongeza kwamba ile ripoti ni mkono wangu, kwamba hakuna jirani aliyeulizwa, nikaweka jina langu na la shule. Kisha nikamsomea yote kwa Kikamba, pamoja na sehemu yangu.

Alifunga barua kwenye pembe ya leso, akatoka, nami nikamfuata.

Barua kama hii hupitia kwanza kwa sabuchifu apige muhuri. Tumepita nje ya ofisi yake bila kuingia, Mama Kilonzi mbele, mimi nyuma, hadi barabara ya kwenda Kitui kwa hakimu. Nimesimama naye mpaka gari likaja.