Unywele Uliowaokoa Mbwa wa Sharamo

Hadado,
Wajir Magharibi.
16 Februari 2025

Mpendwa mjomba wangu, Abti Yakub,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umeshatupa mkongojo. Mama alituambia upasuaji wa goti ulikwenda salama, lakini hakujua kama unaweza kupanda ngazi za nyumbani kwako. Tuambie ukweli, usitufiche kama ulivyotuficha mwaka juzi. Je, mkeo Mama Hibo bado anafanya kazi ya zamu? Na baridi ya Winnipeg imepungua walau kidogo?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kiangazi ni kikali na maji ya visima yameshuka, lakini ngamia bado wana maziwa. Baba kikohozi kimemwacha. Mama amenenepa, na amesisitiza nikuandikie hivyo hivyo.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha tangu enzi zako za kufundisha Griftu. Ukiona kosa, lizungushie kalamu nyekundu, uje unionyeshe mwenyewe.

Abti, nina habari ambayo haikufaa kusemwa kwa simu inayokatikakatika. Nimeshinda. Na ushindi wenyewe si wangu peke yangu, ndiyo maana nataka uusikie wote tangu mwanzo.

Mwishoni mwa Novemba nilipata likizo kutoka maabara ya mifugo ya Wajir ninakofanya kazi, nikaja nyumbani. Nilimkuta Baba hasemi na mtu. Katika wiki tatu alikuwa amepoteza mbuzi saba, wengi wao wachanga, ndani ya boma lake mwenyewe. Kila mara alikuta koo limetobolewa na tumbo limeliwa, na nyayo mchangani zilizofanana na za mbwa.

Mwenye mbwa hapa ni mmoja tu. Anaitwa Sharamo, mfugaji wa Kiborana aliyehamia karibu nasi na mkewe Zamzam baada ya malisho yao kukauka. Wazee walimkubalia anyweshe mifugo kwenye kisima chetu. Ana mbwa watatu wanaolinda mifugo yake dhidi ya fisi. Baba hakuhitaji ushahidi mwingine. Alipeleka shauri kwa Mzee Korane, msimamizi wa kisima, na Mzee Korane akaamua kwamba mbwa wale wauawe na Sharamo atafute maji kwingine.

Unamjua Baba. Si mtu mkatili. Lakini kundi lile ndilo alilolinusuru katika ukame uliopita, wengine aliwalisha kwa mkono wake. Alikuwa na uchungu, na Sharamo alikuwa karibu.

Nilikwenda kumwona Sharamo. Hakunigombeza wala hakuapa. Alisema, “Mbwa wakifa, fisi watanimaliza kabla mvua haijanyesha. Na nikiondolewa kisimani, sitafika hata huko kwa fisi, kiu itatangulia.” Zamzam alinipa chai.

Nataka ujue, Abti, kwamba sikuamini kuwa mbwa wale hawana kosa. Sikujua. Nilichotaka ni kwamba tujue kabla ya kumfukuza mtu.

Siku ya nne tangu nifike, Baba aliniita alfajiri. Mbuzi wa nane alikuwa amekufa kando ya ua, bado ana joto. Nilimwomba Baba mbuzi yule asiguswe na mtu yeyote. Nilivaa glavu, nikapitisha pamba kwenye majeraha ya koo, kisha nikakagua tundu la ua mnyama alimopitia. Kwenye miiba palinasa nywele chache za rangi ya mchanga, na mbili kati yazo zilikuwa na mizizi. Nikaziweka katika bahasha kama mtu anayehifadhi dhahabu.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. “Nilikusomesha ili uje kuwatetea mbwa?”

“Ulinisomesha ili nijue, Baba,” nikamjibu. “Na bado sijajua.”

Alikwenda nami kwa Mzee Korane kuomba muda. Tulipewa hadi mwisho wa Januari. Mbuzi waliobaki walipelekwa Griftu kwa kaka yangu, nami nikachukua mate ya mbwa wote watatu wa Sharamo. Yule jike alinilamba mkono, ikabidi niuoshe mara saba kama dini inavyoagiza, Mama akinisimamia. Sampuli zote nikazituma maabara moja ya Nairobi, nikarudi kazini.

Nikueleze kidogo, maana najua utauliza. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna DNA ya aina mbili. Moja tunaipata kwa baba na mama. Nyingine, inayoitwa ya mitokondria, mtoto huipata kwa mama yake tu, naye aliipata kwa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. DNA husomwa kama mlolongo wa herufi, na ukisoma herufi zake unajua mnyama ni wa ukoo gani. Wanasayansi wamekusanya herufi hizo za maelfu ya mbwa na mbwamwitu wa dunia nzima, wakaziweka katika hifadhidata ambazo mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kuzifungua. Unaweka herufi za mnyama wako, zinakuletea wanyama waliofanana naye zaidi.

Matokeo yalikuja wiki ya kwanza ya Januari. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: nywele na mate ya kwenye jeraha ni vya mbwa, kwa asilimia tisini na tisa.

Nilisafiri tena nyumbani kumwambia Baba mwenyewe, nikaenda pia kwa Sharamo. Baba hakufurahi kama nilivyodhani. Alisema tu, “Basi.” Kule kwa Sharamo, Zamzam alianza kufungua mikeka ya nyumba ili waipakie kwenye ngamia. Sharamo aliniuliza swali moja: karatasi ile ilimtaja mbwa gani kati ya watatu, maana alitaka amwadhibu mwenye kosa na kuwaacha wengine.

Karatasi haikumtaja hata mmoja. Ndipo nikaona sijasoma chochote mimi mwenyewe, nimesomewa.

Nilirudi Wajir, nikawaomba Nairobi wanitumie herufi zenyewe, si karatasi. Nikaziweka kwenye hifadhidata ile kubwa ya wazi. Ni kweli, mstari wa kwanza uliandikwa mbwa. Lakini mstari wa pili ulisema mbwamwitu wa Afrika, si yule wa mabaka bali mnyama wa rangi ya mchanga. Wa tatu pia. Nikashuka hadi wa kumi na tano, yote mbwamwitu wa Afrika. Mtu wa Nairobi alikuwa amesoma mstari wa juu akafunga.

Nikaweka herufi za mbwa wa Sharamo. Wao waliangukia katikati ya maelfu ya mbwa wengine, mbali kabisa na zile nywele. Na yule “mbwa” wa mstari wa kwanza hakufanana na mbwa yeyote duniani. Alikuwa peke yake kati ya mbwamwitu, kama mtu aliyepewa kitambulisho cha mwingine.

Kuna hifadhidata ya pili, ndogo zaidi, ya mbwa na mbwamwitu pekee. Wanaoitunza hukagua kila ingizo kabla ya kulikubali, na huzipanga herufi kwa koo. Yule mbwa wa ajabu hakuwamo humo. Nikawaandikia watunzaji, nikamwandikia pia mtafiti aliyeingiza ile rekodi. Niliandika barua pepe ile mara sita, Abti. Niliogopa wangecheka: nani huyu wa Wajir anayetusahihisha?

Siku tisa sikulala vizuri. Ya kumi mtafiti yule akajibu. Alikuwa amerudi kwenye daftari lake la zamani, akaona kwamba sampuli ile ilitoka kwa mnyama aliyegongwa na gari, na aliyemwokota aliandika “mbwa” kwa kumtazama tu. Aliomba radhi, akasahihisha rekodi, akanishukuru kwa jina langu kamili, jina la baba na la babu. Maabara ya Nairobi nayo ikatoa karatasi mpya. Mnyama wetu ni mbwamwitu wa Afrika, yule ambaye siku zote tumemwona kwa mbali tukamwita mbweha.

Baraza lilikaa tarehe 25 Januari. Nilisimama mbele ya wazee nikiwa na karatasi mbili, ya kwanza na ya pili, nikaeleza kosa lilivyotokea bila kuficha kitu. Wanawake walikuwa wameketi nyuma, Mama mbele yao. Mzee Korane alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo mnyama huyu mnamhesabia ukoo kwa mama yake?”

“Kwa mama yake, na mama wa mama yake.”

“Na baba zake?”

“Katika hesabu hii hawamo, Mzee.”

Kule nyuma kicheko kilizuka, na cha Mama kilikuwa cha juu kuliko vyote. Sisi tuliokaririshwa majina ya mababu ishirini na kitu wa upande wa baba kabla ya kujua kusoma! Hata Mzee Korane alitabasamu. Akatangaza kwamba Sharamo abaki kisimani na mbwa wasiguswe.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Baba alinyanyuka, akavuka uwanja polepole, akasimama mbele ya Sharamo. Sijawahi kumsikia Baba akimwambia mtu maneno kama yaliyofuata.

“Nilikusingizia mbele ya watu,” alisema. “Nakuomba radhi mbele ya watu hawa hawa.”

Sharamo alishika mkono wake kwa mikono yake miwili, hakuuachia kwa muda mrefu. Mimi nililia, Abti, wala sikuona haya.

Vijana walitaka kumsaka mbwamwitu. Nikawaambia aliingia kwa tundu, basi tuzibe tundu. Baba na Sharamo waliujenga upya ua kwa miiba safu mbili, wakifanya kazi siku nne pamoja. Mbuzi wamerudi kutoka Griftu. Leo ni wiki ya tatu na hatujapoteza hata mmoja.

Wale watunzaji wa hifadhidata ndogo waliniambia kwamba hawakuwa na ingizo hata moja kutoka pande zetu. Sasa yapo manne: mbwamwitu mmoja na mbwa watatu. Kwenye nafasi ya mahali pameandikwa Hadado, Wajir, na kwenye nafasi ya mkusanyaji nimeandikwa mimi. Wameniomba niendelee kukusanya, na mkuu wangu amekubali. Ukiwa na nafasi fungua mtandao huko Kanada, utaona jina la kijiji chetu.

Nisalimie Mama Hibo, Hibo mwenyewe na Mowlid. Mwambie Mowlid ninamdai picha ya theluji. Mama anakusalimu sana na anakuombea kila swala. Baba pia. Sharamo na Zamzam hawakujui, lakini wamesema salamu zao ziwemo.

Mwenyezi Mungu akupe afya na miguu ya kukuleta nyumbani, na atukutanishe Ramadhani hii au ijayo tukiwa wazima.

Nakaribia kufunga bahasha, na hapa nje Baba ametoka kwa Sharamo sasa hivi. Yule jike alizaa watoto watano mwanzoni mwa Januari, nao sasa wanakula wenyewe. Baba alikwenda kumwomba Sharamo mmoja, wa kulinda mbuzi nje ya ua, na anarudi akimbeba mwenyewe ndani ya kikapu.

Mimi, mpwa wako akupendaye daima,
Rukiyo Abdisamad