Niliinama Nisihesabiwe

Jumapili, Kitengela. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwa chai. Mimi naongea, mjukuu wangu Nashipae anaandika kwa simu. Nimemwambia asinirekebishe.

Leo kanisani usha, yule wa kuonyesha watu viti, alipita akihesabu watu na kidole. Kufika kwa kiti yetu nikainama, kama natafuta kiatu. Nashipae akacheka. Yeye anasoma hesabu chuo kikuu, huko wanahesabu hata vitu hazionekani.

Sisi Wamaasai mtu hahesabiwi. Ng'ombe pia. Jioni wakirudi unaangalia tu, unajua ule mwekundu wa pembe moja hayuko. Hata kanisani tulisomewa mfalme alihesabu watu wake, Mungu akaleta ugonjwa.

Lakini si hiyo ilinifanya niiname. Wacha niseme.

Zamani, tukikaa Entarara, kulikuwa na ngumbaru kwa kanisa ya mabati, masomo ya watu wazima. Niliipenda sana! Mwalimu alikuwa mpole, koti moja mwaka mzima, mvua na jua. Siku moja akauliza nani anaweza kuhesabu kitu ya nyumbani kwake. Nikasimama. Nikahesabu watoto wangu, moja, mbili, mpaka sita. Wakanipigia makofi.

Mwezi haikuisha. Ukambi ikachukua ule mdogo.

Jina yake sitaji.

Sikurudi darasani tena. Bwanangu alikufa bila kujua ni mimi nilileta hiyo kifo.

Hapo Nashipae ameacha kuandika. Ananiita Koko, yaani nyanya. "Koko, ukambi hiyo ilichukua watoto wa nani wengine?"

Nikamwambia. Wa jirani, wawili. Wa mke mwenzangu, mmoja.

"Na hao mama walikuwa wamewahesabu?"

"Hao? Hata mlango ya darasa hawakuijua! Jirani alikuwa ananicheka, ati mama mzima na chaki."

"Basi, Koko."

Basi nini? Kumbe hesabu yao ya chuo ni hiyo, kuuliza na wale wengine je. Miaka hii yote nililia wangu, sikuwahi kuuliza juu ya wale wengine.

Sijui kama nimeamini. Moyo ya mzee haigeuki kama chapati.

Lakini leo nikiomba sitaanza na kuomba msamaha, vile naanzanga kila siku. Nitauliza kwanza: Mungu, kama si wewe ulinichapa, mbona uliniacha nikuogope hivi?