Kemia Niliyokuambia Nimeichagua

Mwalimu wangu wa nusu saa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya chuo, na mguu wangu umekataa kutulia. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha somo, na ofisi inafungwa saa kumi. Ikishafungwa, somo ulilochagua ndilo lako mwaka mzima. Mimi nilichagua saikolojia. Ndiyo, Mwalimu, saikolojia. Umefariki ukiamini ni kemia kwa sababu nilikuambia hivyo mwenyewe, uso kwa uso, nikijua macho yako hayaoni tena. Acha nikueleze, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza kampuni ya kuhudumia wazee iliponituma kwako Southall, hapa London? Mkaza mwanao alinionya mlangoni kwamba umeshawafukuza wahudumu wanne. Nikaingia kwa adabu zangu zote, nikakusalimu kwa Kiingereza. Ukauliza natoka wapi. Nikasema Kenya, Nakuru. "Sasa Kizungu cha nini? Leta chai." Nilicheka hadi nikamwaga maji ya kukuogeshea. Ukaniambia ulizaliwa Kisumu, ukafundisha kemia huko huko, kisha ukaja Uingereza na kuishia kufunga vyakula vya abiria wa ndege. Uliyasema hayo bila kulalamika, ila ulikoroga chai kwa nguvu.

Kosa langu lilikuwa kukuambia kwamba nataka kusomea udaktari. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, anayepanda basi la alfajiri kutoka Hounslow kwenda kuogesha watu! Hukucheka. Uliuliza tu, "Form Four, kemia ulipata nini?"

"D."

"D ya kujaribu ama D ya uvivu?"

Nikajifanya natafuta taulo. Ukasema kesho nije na daftari.

Ile nusu saa niliyopangiwa haikutosha hata kwa kazi yenyewe: kukuogesha, kukuvisha, dawa, uji, halafu kuandika yote kwenye simu ili wakubwa wajue nimefika. Lakini ulihakikisha tunabaki na dakika kumi. Mimi nasoma swali kwa sauti, wewe unajibu huku uji umejaa mdomoni. Siku ya moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe, nilitaka kukimbia. "Dazeni ya mayai ni ngapi?" Kumi na mbili. "Na ya matofali?" Kumi na mbili. "Basi moli ni hivyo hivyo, ila ni hesabu kubwa sana. Nani alikutisha?" Nilisimama pale na kijiko mkononi. Shule nzima nilipita bila mtu kuniambia jambo hilo kwa namna hiyo.

Kitu kilichokuwa kikila muda wetu ni zile soksi za kubana, vile miguu yako ilivyovimba. Siku moja nikakukuta umeshazivaa, kisigino kimoja kikiwa kimegeukia juu. Nikauliza nani kakuvisha. "Fungua daftari." Tangu siku hiyo nilikukuta na soksi miguuni kila asubuhi, nikadhani mkaza mwanao amenihurumia.

Mwezi wa saba ikaja fomu ya chuo. Hii kozi ya mwaka mmoja inatuandaa sisi watu wazima kuingia chuo kikuu. Biolojia ni lazima. Halafu unachagua kemia au saikolojia. Ukiwa na kemia unaweza kuomba udaktari. Ukiwa na saikolojia utaishia kuomba uuguzi, nayo ni kazi ya heshima, lakini siyo niliyoitaka. Nilipoona neno kemia nikajiona nimerudi maabara ya Form Four, mwalimu akisoma alama zetu mbele ya darasa zima. Nikaweka alama kwenye saikolojia, nikatuma fomu haraka kabla sijajiuliza.

Kesho yake ukauliza, "Umechagua?"

"Nimechagua."

"Kemia?"

"Kemia."

Ukasukuma kando bakuli la uji, ukasema, "Sawa. Basi tuharakishe." Na mwezi wa nane wote tukaharakisha. Kila siku nilijiambia nitakuambia kesho.

Ulifariki hospitalini juma lile masomo yalipoanza. Nilipokuja kutoa pole, mkaza mwanao akanishika mkono. "Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri avae soksi peke yake," akasema. "Saa nzima. Hakutaka niguse. Anasema mwanafunzi wake ana dakika chache."

Chai aliyonipa niliiacha mezani. Niliona aibu, Mwalimu, aibu ya kweli. Tangu hapo sikai nikatulia. Darasani natazama mdomo wa mhadhiri ukicheza na siambulii kitu. Natoka mapema, nazunguka jengo, narudi. Na nina hasira na wewe pia. Nani alikutuma kuhangaika na soksi hizo kwa ajili ya mtu aliyepata D? Lakini nisikusingizie. Hata tusingekutana, huu udaktari nautaka mimi, na aliyeogopa ni mimi.

Wananiita.

Nimetoka. Mama wa ofisini aliitazama fomu yangu ya kubadilisha somo, akanitazama mimi. Akasema nimekosa wiki mbili, na kemia haimsubiri mtu. Nikasema najua. Akauliza kama nina msingi wowote. Nikamwambia nimesoma mwaka mzima, dakika kumi kwa siku. Nadhani alifikiri namtania, lakini akagonga muhuri.

Usidhani nimepata amani. Mguu bado unacheza. Nikikwama sasa hakuna wa kunifokea. Huenda nikapata D nyingine, na safari hii nitajua kabisa kwamba si ya uvivu.

Darasa la kwanza ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mpaka saa hiyo nitakuwa bado nimekudanganya. Nikishakaa kwenye kiti, nilichokuambia kitakuwa kweli.

Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako wa mwisho