Kwa Hemlata, Aliyetafuta Karatasi Msumarini

Umetimia mwaka mzima leo, Hemlata mwanetu, tangu homa ya dengi ilipokutoa mikononi mwetu, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha na madimbwi yamejaa nyuma ya stendi. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kitanda chako kipo palepale dirishani, na mama yako bado anakitandika kila asubuhi.

Tunaikumbuka chai yako ya tangawizi, iliyokuwa kali hadi wateja wa duka letu la uchapaji wakadhani tunawafukuza. Tunakumbuka ulivyosimama katikati ya soko kumwambia muuza viatu kwamba kibao chake kina kosa la herufi, naye akakujibu kuwa viatu havisomi. Wiki iliyofuata alikisahihisha. Tunaukumbuka mtandio wako uliojaa vumbi la chaki, ambao mama yako alichoka kuufua. Majirani walimuuliza kama binti yake ni mwanafunzi au fundi wa kupaka nyumba, naye akasema ni vyote viwili.

Kila Jumapili wewe na wenzako wa chuo mlipanda baiskeli mpaka kijijini, kule kwenye mashamba ya haradali, mkawakusanya watoto kwenye baraza la ghala. Walikuwa wa kila namna: walioacha shule wachunge mbuzi, walioachiwa wadogo zao wa kubeba, walioambiwa kwamba msichana akijua kuandika jina lake inatosha. Mliwafundisha kusoma na kuhesabu. Mliwafundisha pia kwamba mtoto ana haki zake, na kwamba hazingoji baba awe na moyo mzuri siku hiyo. Hamkulipwa kitu na hamkuwahi kulalamika.

Daftari hazikutosha, basi ulichukua kadi za harusi zilizoharibika mashineni kwetu, zile ambazo majina yamechapwa yakapishana au mungu wetu Ganesha mwenye kichwa cha ndovu ametoka bila mkonga. Nyuma ya kadi ni nyeupe. Watoto wako waliandikia hesabu zao huko, na sisi tulikufungia mabunda kwa kamba kila Jumamosi. Ni jambo dogo, lakini tulilifanya kwa furaha.

Bibi yako hakuipenda kazi hiyo mwanzoni. Alikuambia mbele ya wageni, "Mimi niliolewa meno ya utotoni hayajaisha kung'oka. Mbona sijafa?" Wageni wakacheka. Wewe hukubishana naye. Ulikaa miguuni pake ukamuuliza siku ile ya harusi alikuwa anacheza mchezo gani walipokuja kumchukua. Bibi akasema alikuwa anacheza kete za mawe na binti wa jirani, na alikuwa anashinda, na hawakumwacha amalize. Tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwekea mkate na sukari guru kwenye mfuko wa baiskeli.

Wote waliokufahamu wanamkumbuka mtoto mmoja katika darasa lako. Jina lake hatuliandiki, kwa sababu ninyi wanafunzi mlikuwa na sharti kwamba jina la mtoto halitajwi sokoni. Walimu wa shule walimwita mzito wa kichwa. Wewe ukagundua kwamba kichwa chake ni chepesi kuliko cha wenzake, ila haoni ubao. Ukamhamishia mbele kabisa, na mwezi haukuisha kabla hajawapita wote kwa hesabu. Darasa zima likamwita Mstari wa Mbele, naye akalipenda jina hilo.

Kabla ya sikukuu ya Akha Teej ya mwaka jana, siku ambayo kwetu watu huoana bila kumuuliza mnajimu, mlipita kwa wachapaji wote wa mji. Mliomba kadi ya harusi isichapwe mpaka mchapaji aone cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi, na tarehe yake iandikwe chini ya jina. Duka la kwanza kukubali lilikuwa letu. Ulibandika karatasi ukutani kwa mkono wako: "Hakuna tarehe, hakuna kadi." Tulijivuna. Tulikutania, tukakuita Mheshimiwa Hakimu.

Mpaka hapa tumeandika "sisi". Mama yako amesoma juu ya bega langu, akaweka kidole kwenye karatasi. "Sasa iache hiyo sisi," amesema. "Bibi hakudanganya. Mwanetu Devkishan hakudanganya. Mimi sikudanganya. Andika mimi."

Basi ni mimi, baba yako, Bhanwarlal.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, alikuja dukani rafiki yangu wa tangu utotoni, mkulima wa haradali. Jina lake nalo siliandiki, maana likijulikana la baba, la mtoto halifichiki. Alileta mswada wa kadi alioandika mwenyewe. Juu kulikuwa na jina la binti yake mkubwa, mwenye miaka ishirini. Chini yake kulikuwa na jina la mdogo wake. Dada wawili kwa kaka wawili, hema moja, karamu moja. Yule mdogo alikuwa Mstari wa Mbele wako.

Nilimwambia, "Huyu ana miaka kumi na mitatu."

"Ndugu Bhanwar, kwani anakwenda leo? Atakaa kwangu mpaka akue. Unataka nipike karamu mara mbili, mimi nimekuwa maharaja?" Akaisukuma karatasi kwangu. "Kata jina la mdogo. Kadi itoke na la mkubwa peke yake. Binti yako akiuliza, aone moja."

Nilichukua kalamu yako nyekundu, ile ya kusahihishia makosa ya herufi, nikalikata jina. Kisha nikauchomeka mswada kwenye msumari wa ukutani pamoja na mingine, kwa mazoea ya miaka thelathini. Unajua sharti letu: mswada hautupwi kabla ya mwaka, maana mteja hurudi kugomba kwamba tumekosea jina la shemeji yake.

Jioni uliniuliza, "Baba, kwa rafiki yako ni harusi ngapi?"

"Moja. Si unaiona kadi?"

Uliiona. Jina, tarehe, miaka ishirini, kila kitu sawa. Ulifurahi. Ulimwambia Rukhsar, kiongozi wenu, kwamba nyumba ile baba yako ameshaikagua, hivyo siku ya sikukuu mwende vijiji vya mbali zaidi. Wakakuamini wewe kwa sababu uliniamini mimi.

Mimi nilikwenda harusini. Niliwaona wote wawili wameketi mbele ya moto mtakatifu. Mdogo alikuwa amefunikwa nguo nyekundu iliyomzidi, anasinzia. Nikanyanyua mkono huu ninaoandikia nikambariki. Nilirudi nyumbani na laddu, zile peremende za karamu, ndani ya gazeti. Wewe ulikula mbili, ukamsifu mpishi.

Jumapili iliyofuata mtoto alikuja darasani na bangili nyekundu mpaka kwenye viwiko, akaenda kukaa mstari wa nyuma. Haya nilisimuliwa na Rukhsar baada ya mazishi, maana wewe hukuniambia. Ulimwita asogee mbele, na yeye akajibu kutoka kule kule, "Mimi nimeshaolewa, dada. Nitakaa huku." Siku hiyo hakuweza kusoma chochote ubaoni. Uliendelea kufundisha mpaka mwisho wa somo, kisha ukalia nyuma ya ghala.

Ulikwenda kwa afisa wa kuzuia ndoa za watoto. Akakuambia mahakama inaweza kuifuta ndoa hiyo kama mtoto mwenyewe anaomba, na mtoto alikuwa tayari. Lakini nyumba zote mbili ziliapa kwamba harusi ilikuwa moja. Picha hazikuonekana, wageni hawakuona, kadi ilikuwa na jina moja. Kama kungepatikana karatasi kwa mwandiko wa baba yake, alisema afisa, mambo yangekuwa mepesi.

Ulikuja dukani ukauliza mswada uko wapi. Nikasema labda panya.

Haukuwa umeliwa na panya. Siku ile nilipokuona tu kwa mbali unakuja na uso ule, niliuchomoa nikausukuma ndani ya kabati la wino, chini ya makopo mekundu. Wewe ukavuta kigoda ukakaa chini ya msumari, ukaanza kusoma karatasi moja moja. Majira yote ya joto ulifanya hivyo kila ulipotoka chuo. Ulifika mwisho ukaanza upya, ukidhani jicho lako limeruka. Mimi nilikuwa naendesha mashine hatua tatu kutoka kwako. Nilikuletea maji ya ndimu.

Watu wataniuliza kwa nini. Niliwaogopa. Niliogopa kukaa kwenye karamu na kuonyeshwa kidole, niliogopa msimu wa harusi uje na mlango wangu hauna mtu, niliogopa kumpoteza rafiki niliyeogelea naye bwawani tukiwa uchi. Mtoto nilimwogopa kidogo kuliko hao wote.

Hospitalini, siku ya tano, midomo yako ikiwa imepasuka, uliniita karibu.

"Baba, umetazama tena msumarini?"

"Nimetazama. Haupo."

"Pole, baba," ukasema. "Nimekusumbua sana na karatasi hiyo."

Ulinipa pole mimi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na mimi langu la mwisho kwako lilikuwa uongo. Asubuhi hukuzungumza tena na mtu.

Mwaka mzima sikuuchoma mswada ule na sikuutoa. Kila nilipohitaji wino mwekundu nilimtuma kaka yako Devkishan akanunue kopo jipya.

Siku ya Raksha Bandhan, sikukuu ya kaka na dada, mwezi uliopita, mtoto alikuja dukani. Amekuwa mrefu. Hakuja kudai neno. Alisema darasa linaendelea chini ya Rukhsar, ila kadi za kuandikia zimekwisha, kama nina zilizoharibika. Nilimfungia bunda kubwa, nikasema nikiendelea kuharibu kadi hivi nitawawekea lingine baada ya Diwali.

"Baada ya Diwali usiniwekee mimi, baba," akasema. "Wameshapanga siku ya kunipeleka kwa mume. Wape wengine."

Aliliinua bunda karibu na pua, akasoma jina la juu kwa shida, akacheka kwamba Ganesha hana mkonga. Akaenda zake.

Nilifunga duka mchana kweupe. Nilikwenda kabatini nikautoa mswada, nikauweka mbele ya mama yako pamoja na maneno yote niliyoandika hapa. Hakupiga kelele. Siku mbili hakunisemesha, na chakula changu alikiweka mlangoni kama cha mgeni asiyejulikana. Siku ya tatu akasema, "Wewe si mchapaji? Basi chapa."

Kwanza tulimtafuta mtoto mwenyewe na Rukhsar, tukawauliza kama tuseme hadharani. Mtoto akasema tuseme, bila jina lake. Afisa ameshapeleka ombi la mtoto pamoja na mswada niliomkabidhi, na Jumatatu linasikilizwa mahakamani. Nilikwenda pia kwa rafiki yangu, nikamwambia uso kwa uso kabla hajasikia sokoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema nisikanyage tena uani kwake, na kwamba mimi nilikula karamu ile kama yeye. Hilo la pili ni kweli, na nimeomba liandikwe kwenye maelezo yangu ya ushahidi.

Kumbukumbu hii tumeichapa kwenye mashine yetu, juu ya mabaki ya karatasi ileile ya kadi ya harusi. Devkishan anaipeleka kwa baiskeli yako nyumba kwa nyumba, ikianzia na zile zilizopokea kadi. Atakayeichana aichane. Nakala nyingine ipo ukutani dukani, chini ya maandishi yako.

Msamaha sitakuomba leo. Nitakuja kukuomba Jumatatu, nikishatoa ushahidi kizimbani.

Wanaokukumbuka ni mama yako Sajna, ambaye shuka lako amelifua tena jana. Kaka yako Devkishan. Rukhsar na wenzako wote wa chuo. Na Bibi, anayesema mwambieni hakimu amwache mtoto amalize mchezo wake. Anakukumbuka pia Mstari wa Mbele, aliyeomba awekwe kwenye orodha ya familia, nasi tumemweka. Wa mwisho ni mimi.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi, Hemlata. Jicho lako halikuruka. Ulitafuta mahali penyewe, na karatasi ilikuwepo mpaka baba yako alipoichomoa.